Kopo la Vifungo

Machi 1, Jumapili
Maji: chini ya alama nyeupe.

Kamati ya mafuriko imenipa daftari, nimekuwa katibu. Sikuomba. Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti, alisimama mbele ya watu akasema, "Fundi wetu wa cherehani ana mwandiko mzuri. Amezoea kuandika vipimo vya viuno vyetu, sasa atuandikie vipimo vya maji." Watu wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Ndivyo walivyo watu wa mtaa huu. Wakishakupigia makofi, ukikataa unaonekana una roho mbaya.

Kazi yenyewe ni mstari mmoja kwa siku. Kibanda cha kinyozi kiko mdomoni mwa daraja, na kila asubuhi anaangalia nguzo iliyopakwa alama tatu. Maji yakifika nyeupe, tunaangalia tu. Yakifika ya njano, wanaondoka wasioweza kukimbia: wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga. Yakifika nyekundu, tunaondoka sote kwenda shule ya juu. Mlangoni kwake ameninginiza rimu ya gari. Mapigo ya polepole ni njano. Mapigo ya mfululizo ni nyekundu, na hapo hakuna cha kusema ngoja nizime jiko.

Daftari lina kurasa mia mbili na mvua ni miezi mitatu. Kurasa zitakazobaki nitaandika ninayotaka, na kinyozi asiniulize.

Machi 3, Jumanne
Maji: chini ya nyeupe.

Nimeshona sare nne za shule. Mama mkwe hajaniambia neno tangu asubuhi isipokuwa "Chai ina maji." Chai gani haina maji?

Machi 4, Jumatano
Maji: chini ya nyeupe.

Nimezunguka mtaa wa chini wote, nyumba kumi na nane, nikiandika nani anaishi wapi, nani hawezi kutembea, na nani atamgongea nani mlango. Hii kugongeana mlango ndiyo roho ya mpango wetu. Kila nyumba ina mtu wake wa kuigongea, na haondoki mpaka amwone mwenye nyumba ametoka kwa macho yake. Mimi nimepewa fundi redio, anayeishi peke yake na redio mbovu arobaini. Nimemwambia siku ikifika asinitie wazimu. Kasema, "Shemeji, ukigonga mara moja tu nimetoka." Simwamini hata kidogo.

Kwetu ni kazi ya bucha, yule muuza nyama wetu, na ndugu zake wawili, kwa sababu kuna mtu wa kubebwa. Nimeandika: "Mama mkwe. Miguu haifanyi kazi. Mkaidi." Neno la mwisho kinyozi amelifuta. Mume wangu sikumwandika. Ni dereva wa lori la masafa, na mvua zikianza huwa yuko mbali, anakuja siku mbili anaondoka.

Jumla ya watu: sitini. Nimejumlisha mara mbili.

Machi 7, Jumamosi
Maji: chini ya nyeupe.

Leo lilikuwa zoezi la kwanza, na nimecheka mpaka mbavu zinaniuma.

Bucha ametengeneza kiti cha kubebea. Ni kiti cha ofisi kilichokatika magurudumu, amekifunga miti miwili ubavuni. Wakaja watatu wamevaa mashati safi, wakamwamkia mama mkwe kwa heshima zote, wakamwonyesha kiti. Akakitazama kama mtu anayeletewa samaki aliyeoza.

"Mimi si gunia," akasema.

Wakabembeleza, wapi. Basi bucha akaona zoezi lisikwame, akachukua gunia, akalijaza mchanga, akaandika kwa chaki MAMA, akalikalisha kwenye kiti. Wakaondoka mbio. Pale kwenye ubao wa kuvukia mtaro, ndugu yake mdogo akateleza, na gunia likaenda chini, chubwi, ndani ya tope. Mama mkwe alikuwa dirishani anaona yote.

"Mmeshaniua!" akapiga kelele. "Na bado ni zoezi!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Bucha amekuja jioni kumwomba radhi, na mama mkwe amemwambia akaliombe radhi gunia.

Machi 10, Jumanne
Maji: chini ya nyeupe. Manyunyu.

Nimefua nguo za mama mkwe. Kabla ya kunipa lile vazi lake la kila siku alifungua fundo la kwenye pindo, akatoa alichokitoa, akakifumbata mpaka nguo ikakauka. Kutwa nzima amekula kwa mkono mmoja. Nimeolewa hapa miaka kumi na tisa na fundo hilo nimelikuta. Mwanzoni nilidhani ni ugoro. Siku hizi nadhani ni dawa. Kumwuliza siulizi, maana jibu lake nalijua: "Kazi yako ni kushona."

Machi 14, Jumamosi
Maji: chini ya nyeupe kwa kiganja kimoja.

Zoezi la pili. Gunia limefika shuleni salama, dakika ishirini na mbili. Mama mkwe hakutoka hata dirishani.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Mama, siku maji yakiingia humu ndani utabaki na nani?"

"Nitabaki na nyumba yangu."

"Nyumba itakubeba?"

"Wewe mke wa mwanangu, ulizaliwa unajibu?"

Nikasema, "Basi baki!" Nikatoka, nikaubamiza mlango.

Nimekata mkono wa kushoto wa gauni la watu mara mbili, sasa gauni lina mikono miwili ya kushoto. Nimejuta. Sijui kuomba msamaha, nimepika tu kile anachopenda. Amekula chote.

Machi 19, Alhamisi
Maji: yamegusa nyeupe. Mvua tangu alfajiri.

Umeme umekatika. Cherehani yangu ni ya miguu, hainihusu. Mteja haji mvua hii, kwa hiyo nilimwaga vifungo vya kwenye kopo mezani nivipange, na mama mkwe akajisogeza kunisaidia. Tukapanga kimyakimya, vyeusi huku, vyeupe kule. Mvua ilikuwa inapiga bati, huwezi kusikia hata redio za yule jirani yangu.

Mara akaanza kusema, bila kuniangalia.

"Mwaka ule maji yalipokuja, walinibeba mgongoni. Mimi na mwanangu mchanga, huyo mume wako. Nikauliza, mzee wangu je? Wakasema anakuja nyuma, mama, twende. Nikakubali. Kule juu kila mtu analia, anacheka, anamkumbatia mwenzake. Kila mtu anasema tumepona, tumepona. Mimi namtafuta kwa macho, naambiwa yuko upande ule, yuko na wanaume wenzake. Nikanyamaza. Nani ataanza kupiga kelele katikati ya furaha ya watu? Maji yalipopungua ndiyo wakajua hayupo." Akachukua kifungo, akakiweka kwenye vyeupe, kilikuwa cheusi. "Hakuna aliyehesabu, mke wa mwanangu. Watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyehesabu."

Kwamba baba mkwe alikufa kwa mafuriko nilikuwa najua. Haya mengine sikuwahi kuambiwa, wala na mume wangu. Sidhani hata yeye anayajua. Nilitamani kumshika mkono, nikaona haya, nikahamisha kile kifungo cheusi nikakirudisha kwa wenzake.

Machi 20, Ijumaa
Maji: kwenye nyeupe.

Usingizi ulinikataa, asubuhi nikafungua orodha ya kamati. Yupo wa kupiga rimu. Wapo wa kubeba, wa kugonga milango, wa kufungua geti la shule, wa kupika uji. Anayehesabu watu wakifika hayupo! Tumekaa vikao sita, tumebishana wiki nzima kuhusu ukubwa wa sufuria, na hakuna aliyewaza hilo.

Nikaenda kwa kinyozi mbiombio, nikamkuta na mteja nusu kichwa. Nikamwambia anayefaa ni mama mkwe.

"Hajui kusoma," akasema.

"Anawajua watu wa mtaa huu kwa kikohozi. Anajua nani kapita barabarani kabla hajamwona. Wewe unayejua kusoma unaweza hayo?"

Akafikiri, wembe uko hewani. Mteja akasema, "Mama yule? Mimi namwogopa. Akinihesabu nitasimama wima." Kinyozi akasema basi huyo ndiye mtu tunayemtaka.

Machi 22, Jumapili
Maji: kwenye nyeupe.

Kinyozi amekuja na kofia mkononi. Mama mkwe kamweka kwenye benchi nusu saa nzima, anajitia hamnazo, anatengeneza kitambaa cha kichwa. Kisha akamsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mhesabu anafika shuleni lini?"

"Wa kwanza kabisa, mama. Anakuwa getini kabla ya watu. Sasa kama yuko nyuma yao, atawahesabu vipi?"

Akaigongesha fimbo yake sakafuni, taratibu. Niliacha hata kukanyaga cherehani.

"Na hicho kiti chenu," akasema, "kina mto?"

Nimeushona jioni hii hii. Kitambaa cha maua, sufi tele.

Machi 25, Jumatano
Maji: chini ya nyeupe. Jua limetoka.

Ameniomba kopo la vifungo. Karatasi hataki, anasema karatasi inalowa na wino unatoroka. Kila mtu wa mtaa atakuwa na kifungo chake, na akipita getini kifungo kinatoka kwenye mfuko kinaingia kwenye kopo. Mfuko ukibaki na kitu, kuna mtu hajafika. Na atajua ni nani.

Siku mbili sasa yuko katika kazi ya kuchagua. Bucha ni kile kikubwa cheusi cha koti la mvua. Kinyozi ni cha dhahabu, "kwa sababu anapenda kuonekana." Fundi redio ana kilichopasuka, kwamba hajawahi kumwona na kitu kizima. Kichanga cha nyumba ya tatu ni kile kidogo cheupe cha kola ya shati, amekitafuta saa nzima mpaka akapata kilicho laini. Amefikisha sitini, na mimi nimemshonea mfuko wa kuvaa shingoni.

Nikamwuliza, "Na mimi ni kipi, mama?"

"Kazi yako ni kushona."

Kipo kimoja cha plastiki kilichoungua na pasi. Nitakuwa hicho. Sikuuliza tena, na mimi nina kiburi changu.

Machi 28, Jumamosi
Maji: chini ya nyeupe.

Zoezi la tatu, na malkia kwenye kiti. Njia nzima anaongoza msafara: "Polepole. Inua kushoto. Wewe mdogo, hapo ndipo uliponiua, angalia mguu!" Walipofika bucha alikuwa hoi, lakini hajadondosha mtu.

Getini aliketi na kopo mapajani. Kwanza akatia kifungo chake mwenyewe, kisha watu wakaanza kupita. Mimi nilisimama pembeni yake na daftari, naweka vema. Arobaini na saba. Waliobaki walikuwa makazini au wamelala. Mwisho kabisa akanitazama, mkono wake ukaenda kwenye kopo, kikalia kitu, akafunika. Sikuona.

Alasiri ametuma ujumbe nyumba kwa nyumba kwa wasiofika. Kwa fundi redio amesema: "Mwambieni kifungo chake nimekitupa nje, akakiokote." Masikini ya Mungu, amekuja mbio kuomba arudishiwe.

Aprili 2, Alhamisi
Maji: kwenye nyeupe.

Hakuna jipya. Sare tatu, zipu moja. Chai ina maji.

Aprili 6, Jumatatu
Maji: juu ya nyeupe kwa vidole vinne.

Mume wangu amekuja na kuondoka. Ameiletea kamati mipira ya ndani ya matairi ya lori, minne, na kamba ndefu. Nilipomwambia mama yake sasa ndiye mkubwa wa geti alicheka, halafu akamwona anavyorudia vifungo vyake kimoja kimoja kwa majina, akaacha kucheka. Aliniuliza, "Umemfanya nini mama yangu?" Nikamwambia nimemshonea mto.

Aprili 11, Jumamosi
Maji: juu ya nyeupe kwa kiganja.

Zoezi la nne. Hamsini na tatu. Watu wanakuja sasa, wengine kwa kumwogopa tu. Nakiri kitu ambacho sitamwonyesha mtu: zamani nikisikia fimbo yake inagonga sakafu kuniita, nilikuwa najiuliza nimekosa nini tena. Siku hizi isipogonga naenda kuangalia.

Aprili 13, Jumatatu
Maji: juu ya nyeupe. Mvua.

Aprili 14, Jumanne
Maji: juu ya nyeupe. Mvua.

Aprili 15, Jumatano
Maji: katikati ya nyeupe na njano. Mvua. Kinyozi hanyoi, anakaa mlangoni anaangalia nguzo.

Aprili 18, Jumamosi
Naandikia darasani, juu ya dawati la mtoto, magoti yanagonga mbao. Niandike ya juzi Alhamisi kabla hayajanitoka.

Asubuhi maji yalikuwa vidole viwili chini ya njano. Saa sita mchana rimu ikalia polepole. Nje jua lilikuwa linawaka, watu wakasita, mbona hata mvua hakuna? Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu mto unakotoka. Bucha na ndugu zake hawakusita. Walimkuta mama mkwe ameshavaa, mfuko shingoni, fimbo mapajani, anawauliza walikuwa wapi. Akapanda kiti. Mlangoni akageuka.

"Usichelewe," akaniambia.

"Mama, mimi ndiye ninayewaambia watu wasichelewe."

"Nimesema usichelewe."

Wakaondoka naye. Nikapandisha cherehani juu ya meza, nikafunga nguo za wateja kwenye mifuko ya plastiki, nikazitundika juu kwenye boriti. Saa tisa rimu ikaanza mfululizo. Nikaenda kugonga kwa fundi redio. Nikagonga mara moja. Nikagonga mara saba! Akatoka na redio kichwani na nyingine kwapani, nikamtukana matusi ambayo sitayaandika kwenye daftari la kamati. Tukaenda pamoja hadi kwenye ubao wa mtaro. Maji yalikuwa yanaulamba ubao kwa chini.

Hapo ndipo nikakumbuka daftari. Nimeliacha kwenye meza ya kukatia. Ndani kuna orodha yote, nikawaza bila orodha mambo yataharibika. Nikamwambia fundi redio, "Tangulia, nakuja." Dakika mbili tu, kwenda na kurudi.

Daftari nimelipata, nikalitia kwenye plastiki. Kutoka nje, barabara imekuwa maji ya magoti. Kufika mtaroni, ubao haupo. Umekwenda. Nikajaribu kurudi, yakawa ya kiuno na yanavuta. Nikashika ukuta wa bucha, nikajikokota hadi ngazi ya nje inayokwenda kwenye tangi lake la maji, nikapanda, nikakaa kwenye zege chini ya tangi kama kuku aliyelowa.

Nikajiambia, tulia, mtu wako atakuja. Kila mtu ana mtu wake, ndiyo mpango. Nikajiuliza, kwani mimi mtu wangu nani? Nikafungua daftari. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwetu: mama mkwe, mmoja. Nikahesabu ukurasa mzima kwa kidole. Sitini. Nikajitafuta. Nikarudia kujitafuta. Nimezunguka nyumba kumi na nane nikiandika kila mwenye pumzi, hadi kichanga cha siku nne, na mwenyewe sikujiandika! Hakuna aliyepangiwa kunigongea. Wakimaliza sitini watasema wametimia, na watakuwa sahihi kabisa kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilicheka. Kisha niliogopa, na naandika kama ilivyokuwa. Maji yalipanda ngazi mbili nikiyaangalia. Nikamwita mume wangu kwa sauti, yuko mbali huko na lori lake. Nikamwita mama yangu aliyekwisha kufa. Halafu nikajikuta namwita mama mkwe, na yeye hana miguu.

Nilikaa saa moja na zaidi. Kisha nikasikia sauti ya kinyozi, na sijawahi kuipenda sauti ya kinyozi namna ile. Walikuja watatu, yeye, bucha na ndugu yake mdogo, kwenye mipira ya lori, kamba imefungwa huku nyuma kwenye nguzo ya umeme. Kinyozi alikuwa ananigombeza na kulia kwa wakati mmoja. "Katibu gani wewe! Katibu gani!"

Yaliyotokea getini amenisimulia yeye. Fundi redio alipita wa mwisho, kumbe hata yeye alidhani niko nyuma yake hatua mbili, na katika msongamano akanisahau. Kinyozi akahesabu vifungo vilivyo koponi, sitini juu ya sitini. Akatangaza wote tumefika. Watu wakapiga makofi, wakaanza kukumbatiana.

Mama mkwe akapiga fimbo kwenye geti la bati, mpaka watoto wakaanza kulia.

"Nyamazeni! Bado."

"Mama, sitini ndiyo hesabu yetu."

"Hiyo hesabu ya karatasi yenu. Bado mwanangu."

"Mwanao yuko safarini, mama. Yuko salama na lori lake."

"Sisemi huyo." Akafungua kiganja, kilikuwa na kifungo. "Mara ile nilinyamaza. Leo sinyamazi." Na akashika miti ya kiti akaanza kusimama, na miguu ile, kwenye tope lile, aje mwenyewe. Bucha anasema hapo ndipo damu ilimsisimka, wakachukua kamba wakatimua.

Waliponifikisha, nilimkuta bado yuko getini, amekataa kuingizwa ndani, mtu kamshikia mwavuli. Nikadhani atanikumbatia. Nilikuwa tayari kabisa kukumbatiwa.

"Umechelewa," akasema.

Akatia kifungo kwenye kopo. "Sitini na mmoja. Fungeni geti." Ndipo akafunika uso kwa nguo yake, na mimi nikapiga magoti kwenye tope, nikaweka kichwa mapajani mwake juu ya kopo, tukalia wote wawili bila aibu.

Nilipoinua kichwa nikakiona. Kifungo cha kahawia, cha pembe, matundu manne, cha koti la mwanamume. Uzi wa zamani bado uko kwenye matundu. Mimi ni fundi, kifungo cha koti sikisahau, na hiki hakijawahi kukaa kwenye kopo langu. Nikatazama pindo la nguo yake. Lile fundo la miaka yote lilikuwa limefunguliwa, pindo limebaki na mikunjo tu.

Aprili 21, Jumanne
Maji: kwenye njano, yanashuka.

Tuko shuleni bado. Uji una kokoto kidogo lakini tunakula. Fundi redio ametengeneza redio mbili, moja inasema.

Aprili 29, Jumatano
Maji: kwenye nyeupe.

Tumerudi. Tope ndani ya nyumba hadi kwenye kitasa cha mlango. Cherehani iko juu ya meza, miguu yake imelowa, kichwa kikavu. Nguo za wateja zote salama, hata lile gauni la mikono miwili ya kushoto. Ndugu zake bucha wamekuja na majembe bila kuitwa, na kutoka kwetu wakaingia kwa jirani. Nimepiga deki siku nzima. Nimechoka, nimefurahi.

Mei 10, Jumapili
Maji: chini ya nyeupe.

Kikao cha kamati. Walitaka kunivua ukatibu kwa utani, nikakubali haraka, wakaniambia walikuwa wanatania. Kinyozi amechukua kalamu akaandika jina langu kwenye orodha kwa mkono wake, mwandiko mbaya kupita maelezo, na pembeni akaandika "Mkaidi." Kwenye safu ya anayemgongea, watu saba waligombania. Mama mkwe akasema aandikwe yeye.

"Mama, utamgongea vipi na wewe unaondoka wa kwanza?"

"Nitamgongea kabla sijaondoka. Tutaondoka pamoja."

Hakuna aliyebisha. Nitaondoka kwenye njano, pamoja na wazee na wajawazito, na sasa wa kumgongea fundi redio ni bucha. Namwonea huruma fundi redio.

Mei 31, Jumapili
Maji: chini ya nyeupe. Mto unaonyesha mawe.

Kamati imefunga msimu. Huu ni mstari wa mwisho wa maji.

Mama mkwe amenirudishia vifungo, maana wateja wanavihitaji, akasema mwakani atachagua upya, watu wanabadilika. Tukavimwaga mezani kama siku ile ya mvua. Kinyozi akaingia kopo, bucha akaingia, kichanga nikamweka peke yake asipotee. Kikabaki kile cha kahawia. Nikakichukua.

"Na hiki changu, mama, nikirudishe?"

"Lete hapa. Hicho si cha kopo."

Akakifunga kwenye pindo la nguo yake, pale pale pa zamani, akalivuta fundo kwa meno mpaka likakaza. Akaonja chai yake.

"Mwanangu," akasema, "chai ina maji."

Nimeenda kumwongezea majani.